Sumu ya Bunju

Mama mmoja wa hapa kambini ameuliza: samaki mwenye sumu akipikwa sana, sumu huisha? Ya bunju wa baharini haiishi, hata umchemshe, hata umkaushe.

Mshipa wa fahamu ukituma amri, umeme hupita, kalsiamu huingia kwenye ncha yake, msuli ukapata ujumbe. Sumu hii huziba milango ya sodiamu. Umeme haupiti, kalsiamu haiingii, msuli haupati habari. Hata misuli ya kupumua.

Huanza na ganzi midomoni na ulimini. Usingoje kuche; mkimbize zahanati. Pumzi ikikata, mpulizie hewa mdomoni mpaka mfike. Na jamani, msianze kulia msiba pembeni yake. Hasemi, hajongei, lakini huenda anawasikia.