Gitaa la Kwanza

(Maneno ya mpiga gitaa wa zamani wa kwaya kwa vijana na kamati, katika kikao cha wanakwaya cha kuandaa Jubilii ya miaka 25)



Nimepewa dakika 20. Mwenyekiti ananijua vizuri, ndiyo maana amejiketisha karibu na kengele.

Niliombwa nizungumze juu ya historia ya vyombo katika kwaya yetu. Nimemwomba mwenyekiti ruhusa nibadilishe kidogo, kwa sababu wiki iliyopita nilioneshwa karatasi ya matumizi ya Jubilii, na kuna mstari mmoja ulioninyima usingizi. Umeandikwa hivi: magitaa 6 ya vijana, shilingi 36,000. Yaani gitaa moja kwa shilingi 6,000, yaagizwe kwa simu, yaletwe na basi. Walioandika wamefanya kwa nia njema kabisa. Lakini kabla pesa hazijatumwa, naomba mnisikilize, kwa sababu jambo hili tulishalifanya mara moja, na aliyelipa gharama si kamati.

Miaka hiyo tuliagiza gitaa jekundu, linang'aa kama pikipiki mpya. Muuzaji hatukumwona. Gitaa likaja na basi hadi Mokowe, likavuka kwa boti, likapandishwa punda kutoka gatini, na watoto wakalifuata hadi kanisani. Tukamkabidhi binti mmoja wa sauti ya pili, mwenye sikio zuri kuliko sisi sote. Baada ya wiki tatu akalirudisha. Ncha za vidole zilikuwa zimechubuka, akasema nyuzi hazikandamiziki. Nami, mbele ya wenzake, nikamwambia gitaa si la wavivu.

Hakuligusa tena. Gitaa likakaa ofisini juu ya kabati. Miezi mingi baadaye gitaa langu likakatika uzi siku ya Jumapili, nikaliteremsha lile jekundu. Nikajaribu kushika F. Sikuweza! Mimi niliyekuwa nimepiga zaidi ya miaka kumi. Nyuzi zilikuwa zimesimama juu ya shingo kama kamba za kuanikia nguo. Binti alikuwa amesema kweli, na mimi nilikuwa nimemtukana. Wakati huo alikuwa amekwisha kuhama Amu.

Kwa hiyo nitasema la kwanza na kubwa: kwa anayeanza, gitaa zuri ni lile ambalo vidole vyake vinaweza kulikandamiza, na likishawekwa sauti linakaa na sauti yake. Rangi, jina lililoandikwa kichwani, tundu la kuchomeka waya wa spika, hayo yote yaje baadaye au yasije kabisa.

Sasa, kuna magitaa makavu ya namna mbili, na hapa ndipo wengi hupotea. Kuna la nyuzi za nailoni na kuna la nyuzi za chuma. Kwa mbali yanafanana. Ukikaribia, la nailoni lina shingo pana, kichwa chake kimetobolewa nafasi mbili ndefu, na nyuzi zimefungwa fundo pale kwenye daraja. La chuma lina shingo nyembamba, na mara nyingi nyuzi zake zimeshikwa na vigingi vidogo vilivyoingizwa ndani ya daraja. La chuma lina sauti kali inayofika mlango wa nyuma wa kanisa. La nailoni ni pole, lakini halikati vidole.

Mkiniuliza mimi, kijana wa Amu anayeanza namwambia achukue la nailoni. Sababu ya vidole mmeshaisikia. Sababu ya pili ni hewa yetu. Sisi tunaishi ndani ya chumvi. Mnajua pasi, kufuli na hata misumari ya mabati inavyofanywa hapa kisiwani. Uzi wa chuma mwembamba usipofutwa unaanza kuota kutu mapema, na uzi wenye kutu unakwaruza kidole, unapoteza sauti, kisha unakatika. Nyuzi tatu nyembamba za nailoni hazishiki kutu kabisa. Zile nene tatu zimezungushiwa waya, hizo hufifia, lakini si kwa haraka ileile. Na mjue sijapata kuona duka la nyuzi za gitaa katika mji huu. Uzi ukikatika Ijumaa, Jumapili umeimba bila gitaa.

Iko sababu ya tatu, ya ujirani. Nyumba zetu zimebanana, vichochoro vyenyewe punda wawili hawapishani. Jirani ana mgonjwa, jirani ana mtoto mchanga, jirani anajiandaa kwa swala. Gitaa la nailoni unaweza kufanya zoezi barazani jioni na asiwepo wa kukulalamikia. Tumekaa vizuri na watu wa mji huu, tusije tukaharibu kwa ajili ya zoezi la C na G.

Na hapa niungame kosa langu la pili, maana leo ni siku ya kuungama. Gitaa langu la kwanza lilikuwa la nailoni. Mimi nilitaka sauti kubwa, nikalitoa nyuzi zake nikalivisha za chuma. Hakuna aliyeniambia kwamba nyuzi sita za nailoni zikikazwa huvuta kama kilo 40 kwa jumla, na za chuma huvuta kilo 70 na kupita. Usiku wa mkesha wa Krismasi tukasikia mlio kama bunduki. Daraja lote lilikuwa limeng'oka na gamba la ubao juu yake. Tafadhali, gitaa la nailoni livishwe nailoni siku zote za maisha yake.

Ya pesa. Tuseme mtu ana shilingi 10,000. Asiende dukani kutafuta gitaa la 10,000. Atafute la 8,000 au pungufu kidogo, na kinachobaki kinunue seti mbili za nyuzi za akiba na mfuko wenye sponji. Kifaa cha kupima sauti hana haja nacho, simu ina programu ya bure. Mfuko ni lazima kwetu, kwa sababu gitaa la Amu husafiri juu ya maji, na jua la saa saba ndani ya boti hulainisha gundi. Mkiwa safarini legezeni nyuzi kidogo na mlifunike gitaa kwa kanga.

Wauzaji watawaambia kwamba uso wa gitaa ukiwa wa ubao mmoja mzima sauti yake ni bora kuliko wa mbao nyembamba zilizogandishwa pamoja. Ni kweli. Lakini ubao mzima hutanuka na kusinyaa hewa inapobadilika, na huweza kupasuka. Kwa mwanzo, na kwa bei yetu, uso wa mbao za kugandishwa unatosha, tena unavumilia.

Hofu ya gitaa kupasuka si yetu peke yetu. Zamani yalikuwako magitaa ya bei nafuu yaliyotengenezwa Afrika Kusini, mjini Durban, yakiitwa Gallotone. Yalienea sana Afrika, hata wako wazee waliosema galatoni tu wakimaanisha gitaa kavu lolote. Moja la aina hiyo, lenye karatasi ndani ya tundu iliyoahidi kwamba halitapasuka, lilifika Uingereza kwa kijana aitwaye John Lennon. Tarehe 6 Julai 1957 alilipiga kwenye sherehe ya kanisa la St Peter's, Woolton, mjini Liverpool, na siku hiyohiyo akakutana na Paul McCartney. Baadaye wakawa Beatles. Nalipenda jambo hili kwa sababu mbili: gitaa lilikuwa la rahisi, na pahali palikuwa kiwanja cha kanisa. Lakini sikilizeni na hili: Lennon wakati ule alishika kodi za banjo alizofundishwa na mama yake, kwa sababu hajajua za gitaa. Kwa hiyo gitaa peke yake halitoshi, mtu lazima awe na wa kumwonesha. (Nikisema kodi, vijana, ni zile za vidole, si za KRA.)

Na tusidhani gitaa kavu moja ni kidogo. Mwenda Jean-Bosco wa Katanga alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 akiwa na gitaa lake moja kavu, na wapiga gitaa wanamwiga hadi leo. Hapa kwetu Kenya, George Mukabi alipiga lake huku mwenzake akigonga chupa ya soda. Wala Amu si mji mgeni kwa nyuzi: kibangala kilipigwa hapa kabla ya gitaa kujulikana, na Zein l'Abdin, bingwa wa udi, ni mzaliwa wa Lamu.

Haya, mmefika dukani Mombasa. Nawaomba mwende na mtu anayepiga, na mwingie na kibiriti mfukoni.

Kwanza lishike gitaa kama seremala anavyokagua ubao: weka jicho kichwani, utazame shingo hadi kwenye daraja. Ikipinda kama upinde au ikijisokota, rudisha. Halafu hesabu vile vyuma vya shingoni hadi cha kumi na mbili. Pitisha njiti ya kibiriti kati ya chuma hicho na uzi. Njiti moja ni kama milimita 2. Njiti moja ikipita na kubaki upenyo kidogo, ni sawa. Njiti mbili zikipita moja juu ya nyingine bila kugusa uzi, hilo ndilo gitaa letu jekundu. Muuzaji atasema litazoea. Halizoei, gitaa la namna hiyo kwa kawaida huzidi kupanda nyuzi.

Kisha kandamiza kila uzi kwenye kila chuma, mmoja mmoja, bila haraka, hata muuzaji akikohoa. Sikiliza kama kuna unaokwaruza au usiolia. Pale kwenye chuma cha kumi na mbili fanya jambo moja zaidi: gusa uzi juu yake bila kuukandamiza, uupige, utatoa sauti nyembamba kama ya kengele. Sasa ukandamize palepale uupige tena. Sauti mbili zinatakiwa ziwe moja. Zikitofautiana sana, gitaa hilo litakuwa sawa kwenye C na litaongopa kwenye kodi za mbele, na waimbaji watalaumiwa bure. Masoprano wanajua ninachosema.

Mwisho chukua kipande cha karatasi ujaribu kukipenyeza chini ya ukingo wa daraja. Kikiingia, gundi imeanza kuachia. Hata kama ni la mtumba na bei ni tamu, liache.

Kasoro ndogo zinatibika hapa nyumbani. Kile kipande cheupe kinachobeba nyuzi kwenye daraja kikiwa juu kidogo, hutolewa kikasuguliwa kwa msasa upande wa chini, kidogo kidogo, ukipima. Mji wenye mafundi wanaochonga milango kama ya Amu haukosi mkono wa kufanya hivyo. Shingo iliyopinda, hapana, hiyo usimpelekee mtu.

Watoto wa Shule ya Jumapili wana kipimo chao, gitaa la robo tatu. Msimpe mtoto wa miaka tisa gitaa la baba yake.

Sasa narudi kwa kamati. Ombi langu ni hili: badala ya magitaa 6 ya shilingi 6,000, tununue matatu ya nailoni, yasiyopita 8,000 kila moja. Hiyo ni 24,000. Zinabaki 12,000 za nyuzi, mifuko, na nauli ya mtu wa kwenda kuyachagua kwa mikono yake. Vijana sita wagawane wawiliwawili, kila mmoja akae nalo siku tatu kwa wiki, na Jumapili yote matatu yaje kanisani. Najua kila mzazi angependa la mtoto wake. Lakini matatu yanayopigika yatatupa wapiga gitaa, na sita yasiyopigika yatatupa mapambo sita juu ya kabati. Kama nauli ndiyo tatizo, mimi nitajilipia.

Nimesikia kengele, mwenyekiti.

Yule binti wa sauti ya pili amerudi Amu kwa ajili ya Jubilii. Ameketi pale mstari wa tatu na watoto wake. Mama, nilikukosea mbele za watu, nami naomba radhi mbele za watu. Gitaa langu la nailoni liko mezani karibu na birika la chai, na nimelipima asubuhi hii kwa njiti ya kibiriti. Vijana mtalishika baada ya chai, kwa zamu. Zamu ya kwanza nimemwekea yeye, akikubali.