Mwenye Fidla au Mpiga Fidla?



Yapata mwaka 1612 mchoraji wa Kiitalia, Orazio Gentileschi, alichora kwa rangi za mafuta picha ya mwanamke kijana na fidla. Picha hiyo ni mali ya Detroit Institute of Arts, Marekani. Macho ya mwanamke yameelekea juu kama ya mtu anayesikiliza. Fidla anayo mwilini, upinde mkononi. Hutambuliwa pia kuwa ni Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki.

Anwani ya Kiingereza haina kitenzi: yamtaja mwanamke, kisha ala. Mfasiri hukimbilia “Mwanamke mwenye Fidla”. Lakini -enye hubeba umiliki. Mwenye shamba huenda hajapata kushika jembe, na mwenye fidla aweza kuwa ameirithi tu.

“Mwanamke Anayepiga Fidla” nayo ina taabu yake, kwani -na- hudai mkono uwe kazini, ilhali picha yaonyesha kituo. (“Anayecheza fidla”, lisikikalo siku hizi, ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Waswahili hupiga ala, hata ile ambayo nyuzi zake husuguliwa wala hazigongwi.)

Limebaki umbo la tatu. Mpigaji husimama peke yake. Mpiga hudai yambwa: mpiga ngoma, mpiga zeze, mpiga chapa. Nomino hiyo haina njeo. Mpiga fidla ni mpiga fidla hata akiwa amelala, seuze akitazama mbinguni. Kasoro yake ni kwamba haidhihirishi jinsia, na msikilizaji wa Kiswahili, akiachiwa nafasi, humwaza mwanamume. Mazoea hayo yana asili. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, sauti ilikuwa ya mwanamke na ala zilipigwa na wanaume. Ilipita miaka themanini na moja ndipo Unguja ikapata Tausi, kundi la taarab la wanawake wanaojipigia ala wenyewe, mwaka 2009.

Basi anwani ipasayo ni “Mwanamke Mpiga Fidla”, na neno la kwanza si pambo. Neno “kijana” laweza kuachwa. Uso wenyewe unalieleza.