Moto yetu tunaiuzisha

Wandugu wamemba, na nyinyi mnaotusaidia toka mbali, ile Honda XL250S ya muungano tunaiuzisha. Injini ingali nzima: unapiga kiki moja inawaka, na haitaki kuchanganya oili na esansi. Shida ni gurudumu la mbele. Ni inchi 23. Moto nyingi za njia mbaya ziko na 21. Hapa Uvira tulizunguka magazini zote, mpira hakuna. Na mama tunayepeleka kuzaa hawezi kungoja mpira utoke Japani!

Mwenye kupenda moto za zamani, hizi zilizoanza kutoka 1978, yeye anaweza kungoja. Huyo ndiye tunamutafuta, si wa kutupa bei ya chuma. Feza yote itanunua moto yenye vipuri sokoni hapa. Karatasi ziko kwa mweka hazina. Mnunuzi aje na fundi wake, aiwashe mwenyewe.