Pesa Isipite na Vumbi

Leo tuache mambo ya mbuzi wa maziwa, tuongee juu ya pesa za serikali. Hizo ni zetu. Ukinunua kipande cha sabuni unalipa kodi, na mama asiye na shamba analipa sawasawa na mwenye magari matatu.

Sasa inarudi kwetu namna gani? Wengi tumeona greda ikija, inakwangua barabara siku mbili, inaenda zake. Vijana wamesimama kando wakitazama. Pesa imepita na vumbi.

Kumbe haikuwa hivyo siku zote. Mwaka wa 1974 serikali ilianzisha mpango wa barabara za mashambani, zikajengwa kwa jembe, sururu na wilbaro, na watu wa pale pale wakalipwa. Wazee mnakumbuka. Hata kutunza mitaro, mtu aliyeishi kando ya barabara alipewa kipande chake. Malipo yalikuwa madogo, hatuwadanganyi, lakini yalitumika katika maduka ya hapa. Kwenye mwamba, sawa, greda ije.

Katiba ya 2010, kifungu cha 201, yataka fedha za umma ziwe wazi na wananchi washirikishwe. Basi mkutano wa bajeti ya kaunti ukitangazwa, tusiende kwa ajili ya soda. (Hapo hata sisi wa ofisini tumelala.) Tuulize: barabara hii imetengewa shilingi ngapi? Vijana wangapi wa hapa wataandikwa, kwa siku ngapi? Katibu wa kikundi aandike majibu kitabuni, pamoja na jina la aliyejibu.