Kifaa cha Kushukia Kamba Pangoni: Kukichagua, Kukikagua na Kukitumia



Katika kila kifaa nitakachokitaja hapa, breki ni mkono ulioshika kamba chini ya kifaa. Chenyewe huongeza msuguano tu. Kasi inaamuliwa na mkono. Anayeuachia mkono huo kwa imani kwamba kifaa chake hujifunga chenyewe yuko hatarini, hata kama kifaa hicho ndicho cha bei ghali kuliko vyote.

Wengi wenu mmeanzia kwenye nane, yaani kifaa chenye umbo la tarakimu 8. Ni nyepesi na haina sehemu ya kuharibika, lakini pangoni siishauri. Inasokota kamba, na kamba iliyosokotwa hujikunja na kujiviringisha kule chini unakokwenda. Tena, ili kuipachika kamba, nane ya kawaida huna budi kuichomoa kwenye karabina. Ukiwa ukingoni mwa shimo, gizani, mikono ina tope, kuidondosha ni jambo la sekunde moja, na hapo umebaki juu huna cha kushukia.

Wapenda mapango wa Ulaya wanatumia zaidi kifaa cha bobini mbili, ambamo kamba hupita kwa umbo la herufi S. Ubavu wake hufunguka kikiwa bado kimefungwa kiunoni, kwa hiyo hakidondoki. Aina moja haina mpini, na mshukaji hutegemea mkono wake tangu mwanzo hadi mwisho. Aina ya pili, ambayo Stop ya Petzl ndiyo maarufu, ina mpini: ukiubana unashuka, ukiuachia kifaa kinabana kamba.

Hapa ndipo naomba tukae kidogo. Mtu anayeanza kuteremka kwa kasi asiyoitarajia haachii kitu alichokishika. Anakikumbatia. Vidole vinakaza wenyewe, na kwenye Stop kukaza mpini ni kufungua kamba, kwa hiyo hofu inazidisha kasi na kasi inazidisha hofu. Viko vifaa ambavyo mpini wake ukivutwa kupita kiasi hufunga tena, kama vile I'D wanayotumia mafundi wa kazi za kamba kwenye majengo, lakini ni vizito. Dawa ni mazoezi. Mwanafunzi abane mpini mpaka mwisho, kasi aitawale kwa mkono wa chini peke yake, kisha mwalimu amwamuru ghafla aachie mpini, mara nyingi, akiwa mita moja tu kutoka ardhini, mpaka kuachia kuwe ndiyo desturi ya mkono. Kosa la kupunguza mwendo kwa kuchezea mpini likomeshwe siku ya kwanza.

Kwa mashimo marefu nasimama na reki, iliyobuniwa Marekani na John Cole mwaka 1966: fremu ya chuma yenye vyuma vya kukingama, ambavyo mshukaji huongeza au kupunguza akiwa njiani. Chukueni Sótano de las Golondrinas, Mexico, ambako mtu huning'inia hewani mita 333. Kamba ya milimita 11 yenye urefu huo ina uzito wa karibu kilo 25, na kule juu uzito wote huo unavuta chini ya kifaa kana kwamba kuna mtu anakufungia breki. Mshukaji hutumia vyuma vichache ili aweze kusogea. Kadiri anavyoshuka, uzito chini yake unapungua na kifaa kinalegea, hivyo anaongeza chuma cha tano, kisha cha sita. Asishuke kwa vyuma pungufu ya vinne. Wala asiharakishe: msuguano huzaa joto, na nailoni ya kamba huyeyuka kwenye nyuzi 220 hivi za Selsiasi. Akisimama ghafla baada ya mteremko wa kasi, vyuma vyenye moto vinabaki vimegusa sehemu moja ya kamba.

Kipenyo cha kamba kilingane na kile kilichochongwa kwenye kifaa. Stop iliyobana vizuri kamba kuukuu ya milimita 10 inaweza kuteleza polepole kwenye kamba mpya nyembamba, hata mpini ukiwa umeachiwa. Kwa hiyo kijaribuni kifaa kwa kamba ileile ya siku hiyo, na kwenye kamba nyembamba ongezeni karabina ya chuma pembeni kwa ajili ya breki.

Kwetu adui mkubwa ni vumbi. Kwenye mapango ya lava ya Suswa, Kenya, vumbi hunasa kwenye kamba, na kamba yenye vumbi husaga aluminiamu kama msasa. Glavu zikigeuka nyeusi, mnaona bobini inavyoliwa. Pitisheni kidole gumba kwenye mfereji wake: ukikuta ukingo mkali, kifaa hicho hakifai tena kubeba mtu. Kingo za lava nazo hukata kamba, kwa hiyo zifunikwe kabla ya mtu kuning'inia.

Kabla ya kujitupa shimoni, uzito uhamie kwenye kifaa huku kamba fupi ya usalama ikiwa bado imefungwa. Nywele na kamba za kofia zifichwe. Mwisho wa kamba upigwe fundo. Na asishuke mtu yeyote asiyeweza kugeuza safari akiwa katikati ya kamba, yaani kufunga kifaa, kuvaa vya kupandia na kurudi juu. Mtu anayening'inia bila kujongea anaweza kuzimia kwa muda mfupi sana, na akiachwa hivyo hufa. Zoezi hilo tutalifanya mchana huu, kila mmoja kwa zamu yake, na kifaa alichokuja nacho.