Majivu ya Pumba na Nyuzi za Katani katika Saruji



Nimetakiwa niseme machache juu ya vifaa vya ujenzi, nami nitashika kimoja tu: mota ya saruji yenye nyuzi za katani. Ukitoka hapa Msamvu kwa njia ya Dodoma, wapita Dakawa penye mpunga. Ukikata kushoto Dumila, wafika Kilosa penye mkonge. Vitu vyote viwili nitakavyovitaja viko njia moja.

Mkonge uliletwa nchini na Dakta Richard Hindorf mwaka 1893, na miche iliyopona safari ilikuwa 62 tu. (Wanafunzi wa historia wanaijua habari hiyo.) Katika miaka ya 1970 na 1980 wataalamu walihimiza vigae na mabamba ya saruji na katani, ili mwananchi apate paa kwa bei nafuu.

Mota tupu haistahimili kuvutwa, hupasuka ghafla. Ukitia nyuzi fupi, sehemu moja au mbili katika mia, hushika pande zote mbili za ufa, bamba likapinda kabla ya kuvunjika. Hiyo ndiyo faida yake. Wanaosema katani huongeza nguvu maradufu wanatia chumvi.

Lakini paa nyingi za namna hiyo zilikuja kukatika kama biskuti baada ya miaka michache, na mtu wa kipato kidogo hajengi paa mara mbili. Sababu imo ndani ya saruji yenyewe. Saruji inaposhikana na maji huzaa chokaa, na unyevu uliomo kwenye vitundu vyake huwa mkali. Ukali huo huila lignini, gundi ya asili inayounganisha vijiuzi vya katani. Kulowa masika na kukauka kiangazi huharakisha uharibifu huo. H.-E. Gram wa Uswidi alilieleza jambo hili mwaka 1983, na dawa mojawapo aliyoionyesha ni kupunguza saruji na kutia vumbi laini la silika, ambalo huimaliza ile chokaa.

Silika tunayo. Pumba za mpunga zikichomwa huacha majivu kama sehemu moja ya tano ya uzito wake, na sehemu kubwa ya majivu hayo ni silika. Ila si kila majivu yanafaa. Yakiwa meusi, yana mkaa, nayo hunywa maji mengi. Yakipata moto mkali mno, zaidi ya digrii 700 hivi kwa muda mrefu, silika hugeuka kuwa kama mchanga, haishikani na chokaa. Na lazima yasagwe yawe laini kama saruji. Wengi hubadili saruji 10 hadi 20 kwa mia. Kiasi hicho huipunguza chokaa, hakiimalizi. Gram alitia zaidi.

Mafundi wengi hutia majivu kwa kubana matumizi tu. Mimi naona kazi yake ya kwanza ni kuilinda katani, na kazi hiyo haionekani siku ya 28 tunapovunja vibao vya majaribio. Siku hiyo kibao kisicho na majivu chaweza kupinda vizuri vilevile.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wa kidato cha kwanza watengeneze vibao vya aina zote mbili, waviandike tarehe, waviache juani na mvuani nyuma ya maabara, na wavivunje wakiwa kidato cha nne.