Vikwazo Bila Mafuta



Mnyonge akivamiwa, amtegemee nani? Jibu tunalo kwa jirani zetu wa Ethiopia.

Tarehe 3 Oktoba 1935 majeshi ya Mussolini yalivuka mpaka. Ushirika wa Mataifa ulitumia Kifungu cha 16 cha Mkataba wake, ukaiwekea Italia vikwazo vya biashara. Lakini mafuta hayakuzuiwa, wala Mfereji wa Suez haukufungwa. Mei 1936 Addis Ababa ikaanguka. Julai vikwazo vikaondolewa. Sisi wanasheria twajua: sheria isiyouma ni nasaha tu.

Je, mvamizi alistarehe? La, hasha! Alitaka koloni tulivu na mashamba ya walowezi. Akapata milima iliyojaa wazalendo wenye bunduki. Majeshi ya Waingereza yalipoingia mwaka 1941 kutoka Sudan na Kenya, yaliwakuta wazalendo hao wangali wanapigana. Tarehe 5 Mei 1941 Haile Selassie akarejea katika mji wake mkuu.

Hata kwetu, wafadhili walizuia misaada Novemba 1991, na Desemba Kifungu cha 2A kikafutwa. Lakini kabla yao wananchi walikwisha kutoka barabarani Saba Saba, 7 Julai 1990, wakipigwa na kufungwa.

Msaada wa ng'ambo tuupokee, tusiungoje. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mlango wa haki hubishwa na mwenye nyumba kwanza. Ndipo jirani huamka.

Mungu atubariki.